Vijiji vya Usambara vitutengee viwanja vya kupigia mahema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vijiji vya Wilaya ya Lushoto, pamoja na wenzangu tunaopanda Milima ya Usambara kwa baiskeli mwishoni mwa juma na kulala huko huko juu.

Jumamosi alfajiri huanzia Mombo, tukapanda lami ya kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto, mwinuko wa karibu mita 1,000. Baada ya hapo tunashika barabara inayopita msitu wa Magamba na Lukozi kuelekea Mtae, ambayo sehemu yake kubwa ni vumbi na changarawe, hadi mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare za Mkomazi zinaonekana chini mpaka upande wa Kenya. Baiskeli inayoifaa njia hiyo ni ile yenye breki za diski na matairi ya milimita 40 au zaidi, yasiyojazwa upepo mwingi, kwa sababu tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto na breki hazishiki vizuri kwenye mteremko. Wakati wa masika simshauri mtu kwenda: udongo mwekundu hujishindilia kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na saa nzima inaweza kuishia katika kuuchokonoa kwa kijiti.

Shida yetu huanza jioni. Kwenda Mtae na kurudi Mombo kwa siku moja ni kazi inayowashinda wengi, na ukishaiacha Lushoto nyumba za wageni ni chache. Ndani ya Hifadhi ya Magamba utaratibu upo, kwani msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti hutolewa. Nje ya hifadhi kila mtu hulala anapoona panafaa: huyu kwenye uwanja wa shule, yule pembeni mwa shamba la karoti la mtu. Katika kijiji kimoja tuliomba ruhusa, tukalipa bila kupewa risiti, na usiku wa manane vijana wa ulinzi wakatuamsha kwa tochi wakitaka kujua nani ametukaribisha. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wanalinda kijiji chao na hakuna aliyewaarifu.

Ombi langu ni kwamba vijiji vilivyo kando ya barabara hiyo vitenge kila kimoja kiwanja kidogo, hata robo ekari inatosha, chenye choo na maji, karibu na nyumba za watu na mbali na chanzo cha maji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, kwa idhini ya mkutano mkuu, hivyo hatusubiri sheria mpya. Ada ibandikwe ofisini, risiti itolewe, na mapato yasomwe mbele ya wanakijiji kama mapato mengine. Moto wa kuni upigwe marufuku kabisa, maana kiangazi nyasi za miinuko ile hushika haraka na mgeni aliyeuwasha huwa ameshaondoka.

Nasi tuna wajibu wetu. Tupige simu kabla ya kufika, tubishe hodi ofisini badala ya kutafuta kichaka, chakula cha jioni tununue kwa mama lishe wa hapo, na takataka zetu tushuke nazo. Fundi wa kijijini naye asiachwe nje ya mpango huu. Pampu yake mara nyingi haiingii kwenye valvu nyembamba za baiskeli zetu, lakini kipande kidogo cha shaba cha kuziunganisha hutatua jambo hilo, na kila kikundi kingeweza kumwachia kimoja ili kazi ya pancha iwe yake.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nawaomba wenyeviti waliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, ili viwanja viwe tayari kabla ya Juni, njia zinapokauka na waendeshaji wanapoanza kupanda kwa wingi.

Mwendesha baiskeli,
Korogwe, Tanga