Msiwaondolee vijana riwaya za kunusurika

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa mtumishi wa bandari hapa Tanga na sijapata kukuandikia, lakini habari mliyoichapa juu ya riwaya za vijana imenishinda kunyamazia. Waliohojiwa walitaka riwaya za hatari na kunusurika ziondolewe kwenye maktaba za shule, wakidai kwamba wahusika wake ni watoto watoro wasiosikia wakubwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu alichokisoma.

Mimi nimevisoma. Katika Hatchet, riwaya ya Gary Paulsen ya mwaka 1987, Brian ana umri wa miaka 13 na hakumtoroka mtu: alikuwa safarini kwenda kwa baba yake Kanada, rubani akafa kwa maradhi ya moyo wakiwa angani, ndege ikaangukia ziwani. Karana, katika Island of the Blue Dolphins ya Scott O'Dell, anajitosa baharini kutoka kwenye merikebu iliyokuja kuwahamisha watu wake, kwa sababu mdogo wake wa kiume ameachwa kisiwani. Huyo ndiye mnayemwita mtoro?

Muhula uliopita mjukuu wangu wa kidato cha pili alikutwa na kitabu hicho cha Brian darasani, wakati wa mapumziko, si wakati wa kipindi. Mwalimu akakiinua mbele ya wenzake, akamtaka aseme kimo katika mada gani ya muhtasari, kisha akakifungia kabatini hadi siku ya kufunga shule. Nilikwenda mwenyewe kukidai, nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hakitoki kwenye mtihani. Kiliporudi, kipande cha ukindu alichokitumia kuweka alama kilikuwa bado pale Brian anapogonga shoka lake kwenye jiwe: cheche zinaruka na kuzimika, moto haushiki, mpaka anapotambua kwamba cheche inahitaji maganda laini ya kuidaka na pumzi ya kuipuliza. Mtoto anashindwa, anatulia, anatafuta sababu, anajaribu tena, wala hakuna mtu mzima wa kumwambia jibu. Kama hilo si somo la sayansi na la tabia kwa pamoja, basi naomba wanaotaka kuviondoa vitabu hivi watuambie somo ni lipi, maana mjukuu wangu huyo alikaa wiki nzima akiniuliza kwa nini moto unahitaji hewa, swali ambalo daftari lake la fizikia halikuwahi kumtia hamu ya kuliuliza.

Na madukani hali ni hiyohiyo. Nimeuliza riwaya ya namna hii kwa Kiswahili, iliyoandikwa kwa ajili ya kijana wa leo, nikaonyeshwa rafu za maswali na majibu ya mitihani. Mji huu ndio wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Haufai kuwa mji ambao kijana hapati hadithi ya bahari anayoiona kila siku.

Ninachopendekeza ni hiki. Wachapishaji wetu watoe riwaya moja ya binti wa miaka 14 anayekwama katika kisiwa cha Toten, hapo ghubani, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, mashua yake ikiwa imechukuliwa na maji ya bamvua. Mwandishi ajue kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kwamba kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50; ajue kwamba kunywa maji ya bahari huzidisha kiu; ajue kaskazi inavuma miezi gani na kusi miezi gani. Asimpe binti huyo mjomba wa kumwokoa katika sura ya pili. Kabla ya kuchapwa, mswada usomwe na wavuvi wawili wa Deep Sea, diko la samaki hapa Tanga, na wanafunzi wa kidato cha pili, kisha nakala zipelekwe shuleni na ziachwe nje ya kabati.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga