Faini za Mama Shiro

Nakuru, 9 Septemba 2025

Akinyi dadangu,

Salamu nyingi kutoka Free Area. Sisi tu wazima, kifua cha Baba Brayo kimetulia, mvua imetunyeshea vizuri na mahindi ya kule Bahati yanapendeza. Nimekaa kimya tangu matanga ya shangazi, najua. Habari za nyumbani nitakuandikia siku nyingine kwa kirefu, maana leo nina jambo moja tu kifuani na sina mwingine wa kumpelekea.

Ni Mama Shiro. Anadaiwa faini ya shilingi 180,000. Ya VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, Akinyi! Mama Shiro wetu, wa cherehani mbili na kibanda cha mabati.

Ilikuwa hivi. Unakumbuka mwanzoni mwa 2024 kila mwenye biashara alivyoanza kudai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, kwa kuwa bila hiyo gharama yake haikubaliwi kwenye hesabu za ushuru. Mama Shiro alikuwa na mteja mmoja mwenye shule ya chekechea, akataka sare pamoja na risiti hiyo. Mama wa watu akaenda saiba, pale wanapofanyia watu kazi za mtandaoni. Kijana wa pale akamwambia hapati eTIMS mpaka awe na VAT. Akaingia kwenye PIN yake, ile namba ya mlipa ushuru, akamwandikisha VAT, akachukua pesa yake, akamwambia, "Mama, mambo yako tayari." Mteja mwenyewe hakurudi, na hiyo risiti haikutolewa hata moja. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hata asiye na VAT huingia eTIMS, na kwamba VAT ni lazima kwa mtu ambaye mauzo yake yamefika milioni tano kwa mwaka. Milioni tano atazitoa wapi? Hata angeshona usiku na mchana asingeziona.

Basi kuanzia Februari 2024 alitakiwa kufaili, yaani kutuma ritani ya kueleza mauzo na ushuru wake, kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama ni kuandika sufuri tu. Yeye hana habari. Barua pepe iliyowekwa kwenye PIN aliifungua yule kijana kwa nywila anayoijua yeye peke yake, kwa hiyo kama kuna ujumbe ulitumwa, uliishia huko. Ritani ya mwaka, ile ya kodi ya mapato, hakukosa kufaili. Angechelewa hiyo, faini ya mtu binafsi asiye na ushuru wa kulipa ni 2,000, tungechanga jioni moja ikaisha. Lakini ya VAT ni 10,000 au asilimia tano ya ushuru wa mwezi huo, inayochukuliwa ni ile kubwa. Ushuru wake ni sufuri, kwa hiyo ni 10,000 mwezi baada ya mwezi.

Amekuja kujua mwezi uliopita alipotafuta cheti cha ushuru, kile cha kuthibitisha mtu ametimiza wajibu wake wa ushuru, ili aombe tenda ya kushona sare, katika ile asilimia 30 ya tenda za serikali inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Akaambiwa afaili kwanza yote yaliyobaki nyuma. Akayafaili yote, kuanzia Februari 2024 hadi Julai mwaka huu, sufuri tupu, na kila mwezi ukazaa faini yake. Alikuja hapa na karatasi mkononi, akaketi pale karibu na mlango, chai ikapoa hajaigusa. Akinyi, yule mama alisomesha watoto watatu kwa sindano na hajawahi kuja kwangu kuomba hata kiberiti.

Sasa kila mtu ana lake. Wengine wanamwambia atulie, kuna msamaha. Nimewaeleza mpaka nimechoka: ule msamaha ulihusu faini na riba za hadi 31 Desemba 2023, na mlango ulifungwa 30 Juni mwaka huu. Za Mama Shiro zote ni za baada ya Desemba hiyo. Kuna bwana mwingine anataka apewe 20,000 "azifute kwenye sistimu" kupitia mtu wake wa ndani. Huyo nilimfukuza mimi mwenyewe. Na Mama Mchungaji, kwa nia njema kabisa, anasema aandike barua ya kueleza ujane wake na presha yake, wakubwa watamhurumia.

Hapo ndipo ninapotaka msaada wako, kwa sababu mimi naamini barua ya namna hiyo itampoteza. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kutumika Julai, imerudisha nafasi ya kusamehewa faini, lakini kwa sababu maalumu: kosa lililotokana na mfumo wa kielektroniki wa ushuru, mfumo kuchelewa kusasishwa, faini kujirudia kwa hitilafu ya mfumo, au mtu kusajiliwa kwa wajibu usio wake. Kamishna anapendekeza, Waziri wa Fedha anasamehe. Ujane haumo. Presha haimo. Ile ya mwisho ndiyo yake. Alisajiliwa kimakosa kwa VAT ambayo hakuistahili. Nataka barua yake isimame hapo, na kila karatasi itakayoambatanishwa ithibitishe hilo moja.

Leseni ya biashara ya kaunti ipo, inaonyesha ni biashara ndogo. Daftari la mauzo lipo, unajua anavyoandika hata kifungo cha shilingi kumi. Ritani za mwaka zipo. Kinachoniogopesha ni M-Pesa.

Yeye ndiye mweka hazina wa chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa, au umesahau? Michango yote ya wanachama huingia kwenye laini yake, ile ile anayolipiwa nguo. Ya merry-go-round, ile ya kupeana kwa zamu, ya maziko, na mwaka jana zile pesa za kununua ploti Njoro, zote zilipita hapo kabla ya kwenda benki. Tuliitoa taarifa ya mwaka mzima tukaisoma pamoja, na Akinyi, moyo ulinienda mbio. Asiyemjua akiiona atasema hii si biashara ndogo. Tusipoipeleka, watauliza kwa nini tumeificha. Tukiipeleka hivi hivi, huenda pesa za watu 22 zikahesabiwa kuwa mauzo ya fundi mmoja, na hapo tena hatuombi kusamehewa, tunajitetea kuhusu ushuru wenyewe. Nimeanza kupitisha kalamu ya rangi kwenye kila mchango nikilinganisha na kitabu cha chama. Kazi ni kubwa, lakini mwaka 2024 nimefika Septemba na mpaka sasa kila senti inakubaliana. Fatuma ameahidi kumbukumbu za mikutano zenye sahihi. Nadhani wanachama wenyewe wanaweza kuandika... ila sijui kama maneno yao yana uzito, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Jambo jingine ni huu mpango wa kulipa kidogo kidogo. Afisa wa ushuru aliyemhudumia alimweleza kwamba akikubaliwa mpango wa malipo anaweza kupewa cheti, na tenda inafungwa mwisho wa mwezi huu. Mama Shiro anaitaka ile tenda kwa roho yote. Mimi naogopa kwamba akitia sahihi kulipa, ni kama amekiri deni ni lake. Na 180,000 kwa mtu wa kibanda, hata ukiigawanya vipi, ni karo ya Shiro imekwenda. Nimemshauri asubiri neno lako. Kama tenda itapita, ipite, ingawa inaniuma kulisema hilo kwa niaba yake.

Maombi ya kuondolewa VAT tumeyatuma wiki jana. Mpaka yajibiwe, tarehe 20 inakuja tena na ritani ya Agosti, hiyo tutaifaili Jumatatu, sitaki faini ya 19 iongezeke wakati tunaandika barua ya hizi 18. Barua pepe ya kwenye PIN nayo tumebadilisha, sasa ni ya Shiro mwenyewe.

Niambie, je, taarifa ya M-Pesa tuipeleke nzima na maelezo, au daftari na leseni vinatosha mpaka watakapoidai? Kijana wa saiba tumwombe aandike alivyofanya, au atakana tu? Mpango wa malipo unaharibu ombi la kusamehewa? Na unaweza kupata siku mbili za kuja Nakuru kabla ya tarehe 20? Nauli ya kutoka Kisumu nitatuma mimi, usibishane nami juu ya hilo. Otieno alimaliza ile kozi yake? Mama yako mguu unaendeleaje, bado anaenda kliniki ya Kondele?

Nijibu hata kwa simu, saa yoyote ya usiku.

Dada yako,
Rehema