Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi: Utengamao Baada ya Kukatwa Kiungo

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wa watoto wetu, pamoja na wageni waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha watu waliokatwa viungo, mwenyekiti anawajibika kuwaletea kila mwaka taarifa ya kazi zilizofanyika, nanyi mna haki ya kuihoji kabla ya kuipokea. Mapato na matumizi yatasomwa na mhazini, na majina ya wanachama wapya yamebandikwa hapo mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Muda wangu nitautumia kwa jambo moja la utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya kukatwa kiungo, ambalo kamati ya utendaji imelijadili karibu katika kila kikao: kwamba idadi ya miguu bandia tuliyosaidia ipatikane ni kipimo kisichotosha cha kazi yetu, na kwamba sehemu kubwa zaidi ya nguvu na fedha za chama inapaswa sasa kwenda kwenye yale yanayoutangulia mguu na yale yanayoufuata.

Msingi wa kauli hiyo ni ziara za majumbani zilizofanywa na kamati ya ustawi mjini na vijijini, kuanzia Pasua na Njoro hadi Uru, Kibosho na Himo. Katika nyumba kadhaa wajumbe walikuta mguu bandia umetundikwa nyuma ya mlango au umesukumwa mvunguni, huku mwenyewe akitembelea magongo. Mara nyingi mguu wenyewe ulikuwa mzima. Kilichobadilika ni kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Baada ya upasuaji kigutu huwa kimevimba, na katika miezi ya mwanzo uvimbe hupungua na misuli isiyotumika hunywea, hivyo soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayovalishwa kigutu, iliyomkaa mtu barabara siku ya kukabidhiwa inaweza kumpwaya kabla mwaka haujaisha. Soketi ikipwaya, kigutu hudidimia ndani yake, uzito uliokusudiwa kubebwa chini ya pia ya goti huangukia ncha ya mfupa, na hapo ndipo vidonda huanza.

Mwanachama mmoja wa Uru, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda, aliwaonyesha wajumbe namna anavyovaa soksi nzito mbili za mitumba na kusokomeza kipande cha kanga ndani ya soketi ili mguu usimchomoke anapopanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alipovua, ngozi ya kwenye ncha ya mfupa wa muundi ilikuwa imeiva kwa wekundu na upande mmoja imeanza kuchubuka. Yeye hakulalamika, alisema ng'ombe hawangoji. Alipelekwa karakana ya viungo bandia, fundi akaipasha moto soketi mahali palipokuwa panamgusa mfupa, akapatanua kidogo, kisha akamwekea kitambaa laini cha ndani kilichojaza nafasi iliyoachwa wazi. Kazi hiyo ilikuwa ndogo, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mguu mpya, lakini bila ziara ile mguu wake nao ungeishia nyuma ya mlango.

Soketi hiyo iliweza kurekebishwa kwa sababu imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliieneza katika utengenezaji wa viungo bandia kwa nchi zenye kipato kidogo. Bei yake ni nafuu, haiozi kwa unyevu, na ikipashwa moto inakubali kufinyangwa upya. Kwa watu wanaokanyaga matope ya masika na kuvuka mifereji kila siku, sifa hizo zina uzito kuliko wepesi au mwonekano. Nalisema hili kwa sababu mwaka huu taasisi moja ya hisani ilituletea shehena ya viungo vilivyokwisha kutumika ughaibuni. Tuliipokea kwa shukrani, na baadhi ya vyuma na nyayo vimefaa. Soketi hazikufaa hata moja, kwa kuwa kila soketi huundwa kwa kalibu ya kigutu cha mtu mmoja, na magoti kadhaa ya kisasa yamebaki stoo kwa sababu vipuri vyake havipatikani hapa. Picha za makabidhiano zilipendeza, na mimi nimo katika nyingi, lakini kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa wafadhili waombwe kwanza kugharamia vifaa vya karakana na nauli za wanachama.

Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo wenzetu wa mikoa mingi hawana. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inaishi na TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa tegemezi, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wapo wataalamu waliokuja kujifunza kazi hii chini ya Mlima Kilimanjaro na sasa wanaifanya katika nchi zao. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza katika ripoti yao ya mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba katika baadhi ya nchi wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wahitaji. Ukizisoma takwimu hizo ukiwa umbali wa nauli ya daladala kutoka karakana, unaona kwamba tatizo letu halianzii kwenye ujuzi. Linaanzia kwenye nauli, kwenye uchangiaji wa gharama, na kwenye kutojua kwamba mguu uliokwisha kukabidhiwa unaweza kurudishwa ukarekebishwa.

Nije sasa kwenye yale yanayoutangulia mguu, maana huko ndiko wengi wetu tulikopotezea mengi. Mtu aliyekatwa chini ya goti hulala akiwa amekunja goti, na ndugu wenye huruma humwekea mto chini yake ili apumzike vizuri. Goti likikaa hivyo kwa wiki kadhaa, misuli ya nyuma hujikunyata na goti linakataa kunyooka. Kwa aliyekatwa juu ya goti hali ni hiyohiyo kwenye nyonga. Goti lisilonyooka ni vigumu kulivalisha mguu bandia, hata fundi awe hodari kiasi gani. Kinga yake haihitaji fedha: mto uondolewe, goti linyooshwe mara kwa mara, mgonjwa alale kifudifudi kwa vipindi kila siku akiruhusiwa na daktari, na kigutu kifungwe bendeji ya kuvuta kwa mtindo wa namba nane, ikikaza zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo. Tumepokea mwaka huu wanachama walioruhusiwa kutoka hospitali moja bila kuelezwa lolote kati ya haya, na mmoja wao, kijana wa kazi, bado yuko kwenye mazoezi tiba ya kunyoosha goti kabla hata hajapimwa.

Kwa sababu hiyo kamati imeanzisha utaratibu wa wanachama wanaotembea vizuri kuwatembelea wodini wanaotarajia kukatwa au waliokwisha kukatwa, kwa idhini ya wauguzi. Mgonjwa anapomwona mtu aliyeingia kwa miguu yake, akakaa, kisha akapandisha suruali na kumwonyesha mguu wa plastiki, maswali yanayofuata ni ya namna nyingine kabisa. Wengi huuliza kuhusu ndoa na kazi, na karibu wote huuliza kuhusu maumivu ya mguu ambao haupo. Maumivu hayo ni ya kweli na huwapata wengi waliokatwa viungo: vidole visivyokuwepo huwaka moto, unyayo hukunjwa na mkono usioonekana. Wapo walioambiwa nyumbani kwamba mguu umezikwa vibaya, au kwamba kuna mtu kawachezea. Chanzo chake kimo katika mishipa ya fahamu iliyokatwa na katika ubongo, ambao bado unaitunza ramani ya mguu mzima. Zipo dawa zinazopunguza maumivu hayo, na upo pia mtindo wa kutumia kioo uliojulikana katika miaka ya 1990 kutokana na kazi ya mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran, ambapo mtu huweka kioo kati ya miguu, akauchezesha mguu mzima na kuitazama taswira yake kana kwamba ndio ule uliokatwa. Haumsaidii kila mmoja, lakini kioo cha kawaida cha dukani kinatosha kuujaribu, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kujifunza kutembea nako kuna mambo ambayo sakafu ya hospitali haiyafundishi. Sakafu ni tambarare. Kibosho si tambarare. Unyayo wa aina inayotolewa zaidi hauna kifundo kinachokunjika, kwa hiyo mtu anayeteremka mteremko mkali husukumwa goti mbele na huanguka. Wanachama wazoefu wamekuwa wakiwafundisha wapya kuteremka kwa kukata pembe badala ya kunyooka na njia, kuanza na mguu bandia wanaposhuka ngazi na mguu mzima wanapopanda, na kupanda daladala kwa kutanguliza mguu mzima, konda apige kelele asipige. Kuhusu choo cha kuchuchumaa, aliyekatwa juu ya goti anahitaji nguzo au kamba ya kushikilia, au kiti kilichotobolewa. Wajumbe wetu wamefunga nguzo hizo katika nyumba kadhaa, na sioni kazi nyingine ya chama iliyorudisha heshima ya mtu kwa gharama ndogo namna hiyo.

Ndugu zetu wazee, hasa waliokatwa kwa sababu ya kisukari, wamekuwa wakilaumiwa na jamaa zao kwamba ni wavivu wa mazoezi. Naomba lawama hizo zikome. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu, aliyekatwa chini ya goti kwa ajali hutumia takriban robo zaidi ya nguvu anapotembea, na aliyekatwa juu ya goti huzidisha kwa zaidi ya nusu. Ambaye mishipa yake ya damu ni mibovu hutumia zaidi ya hapo. Mzee mwenye moyo dhaifu anayechagua kiti mwendo kwa safari ya kanisani au msikitini na magongo kwa ndani ya nyumba amepiga hesabu sahihi. Utengamao hupimwa kwa mambo ambayo mtu ameweza kuyarudia, na kiti kinachomfikisha kinastahili kuhesabiwa sawa na mguu. Wenye kisukari ambao miguu yao ni mizima wakague nyayo zao kila jioni na wasitembee pekupeku hata uani, kwa sababu aliyepoteza mguu mmoja kwa ugonjwa huo yuko kwenye hatari ya kupoteza wa pili.

Watoto ni mzigo wa peke yake. Mguu wa mtu mzima ukitunzwa hudumu takriban miaka 3 hadi 5, lakini mtoto anayekua huhitaji mguu mpya au marekebisho makubwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mzazi anayeambiwa hivyo kwa mara ya kwanza hunyamaza, na mwalimu mkuu huanza kuona siku za utoro. Kamati inapendekeza watoto wawe wa kwanza katika mfuko nitakaoueleza.

Kuhusu haki zetu nitasema machache. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni yetu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na baadaye ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Katibu anazo fomu na atawasaidia kuzijaza baada ya kikao. Tumewaandikia pia wahusika kuomba kwamba utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 uzingatie viungo bandia pamoja na matengenezo yake.

Hoja inayoletwa mbele yenu kwa uamuzi ni kuanzishwa kwa mfuko wa matengenezo, utakaolipia nauli ya kwenda karakana, vitambaa vya ndani, soksi za kigutu, mikanda na kubadilisha soketi, na ambao utatengewa fedha kabla ya kununua mguu mpya wowote. Najua wapo wanachama ambao wamesubiri mguu kwa muda mrefu na watauona uamuzi huu kuwa ni kuwasogeza nyuma. Hoja yao ni ya haki na nimemwomba katibu awape nafasi ya kwanza kuzungumza. Jibu la kamati ni kwamba baadhi ya miguu iliyolala majumbani, ikirudishwa karakana, inaweza kuwatoa wenyewe kwenye magongo mapema kuliko mguu mpya ungefika.

Kwa hiyo kila mwenye mguu asioutumia, au wa marehemu, hata kama umevunjika, anaombwa kuuleta ofisini. Nyayo, vyuma na boliti vitakaguliwa na fundi, vinavyofaa vitatunzwa, na mwenye mguu unaorekebishika atapangiwa siku. Anayeishi mbali na hawezi kusafiri aache jina la kitongoji na namba ya simu kwa mjumbe wa eneo lake, naye atafuatwa.

Naomba kuwasilisha.