Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Kenya: aliyelipa nusu ya faini apunguziwe nusu ya kifungo

Mheshimiwa Kamishna Jenerali,

Tunaomba jambo lisilohitaji Bunge wala bajeti: kifungu cha 342 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura 75, kifanye kazi magerezani.

Mfungwa wa faini, yaani aliyefungwa kwa kushindwa kuilipa, si lazima alipe yote ndipo atoke. Akilipa sehemu, siku zake hupungua kwa kiasi hichohicho. Chukua faini ya shilingi 40,000 au miezi sita. Akilipa 10,000, robo ya kifungo imeondoka, takriban siku 45. Aliyekwisha kukaa miezi mitatu akileta 20,000, anatoka. Hapo hata msamaha wa nidhamu, ile theluthi ya kifungo anayopunguziwa mfungwa mwenye mwenendo mwema chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, haujaguswa. Lakini jamaa wakifika langoni huambiwa 40,000. Basi wanakopa, au wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Sheria inamtaka mkuu wa gereza, mfungwa akiomba, amfikishe mahakamani mara moja, na mahakama ithibitishe siku zilizopunguzwa. Hapo ndipo mambo hukwama. Pesa zimelipwa, risiti ipo, mfungwa hapelekwi. Bila hati ya mahakama, karani wa gereza habadilishi tarehe ya kutoka, wala hatumlaumu.

Wanaoumia zaidi ni waliopewa kifungo na faini pamoja. Miaka mitatu, kwa nidhamu, huisha kwa miwili. Kisha, kama faini haijalipwa, kinaanza kifungo cha faini. Wapo wanaoligundua hilo siku waliyokwisha kufunga virago.

Hati za kifungo zenyewe pia zikaguliwe. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kikomo cha kifungo cha asiyelipa: faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14; hadi 2,500 ni mwezi; hadi 15,000 ni miezi mitatu; hadi 50,000 ni miezi sita; zaidi ya hapo ni mwaka. Isipokuwa sheria ya kosa lenyewe imesema vingine, hati ya “20,000 au mwaka mmoja” ina kasoro, na Mahakama Kuu inaweza kuirekebisha kwa mapitio, hata bila rufaa.

Toa waraka mmoja kwa wakuu wote wa magereza. Siku ya kupokelewa, kila mwenye faini aambiwe siku moja ya kifungo chake ni shilingi ngapi (katika mfano wetu, kama 222), na apewe fomu ya ombi kwa Kiswahili. Gari la mahabusu huenda mahakamani hata hivyo, apandishwe humo.

Sisi, wasaidizi wa kisheria tunaohudumia wafungwa