Barua kwa mwanangu: mutoto akiwa mu kikwembe, uangalie uso

Mwanangu, mama yangu,

Ile odio ulinitumia saa tisa ya usiku nimeisikiliza mara ine. Unalia, mutoto naye analia, unasema nikimulalisha tu anaamuka, sijafua, sijapika, sijaoga toka jana. Nilitaka kupanda ndege siku ileile. Lakini unajua hapa Goma airport ilifungwa mwezi wa kwanza 2025, na kuzunguka njia ya mbali mupaka Lubumbashi ni franga mingi, ni siku mingi, magoti yangu hayawezi tena. Wakati nilikuzaa wewe, koko yako, mama yangu muzazi, alikuja akakaa kwangu mwezi muzima, mikono yake ndiyo ilikufunga ku kifua changu mara ya kwanza. Mikono yangu mimi iko huku. Basi nakuandikia, soma polepole, na bwana yako asome naye juu yeye ndiye atakusaidia kukaza.

Mutoto wako hana tabia mubaya. Mutu asikudanganye ati unamuzoeza mikono. Miezi tisa alikuwa anasikia moyo wako, leo unamulalisha ku kitanda peke yake, atanyamaza kwa nini? Umufunge ku kifua na kikwembe, ni kusema kitenge, atalala, nawe utapata mikono mbili ya kufagia na kuchagua maharagi.

Ile piesi ya kitenge ya maua nilikutumia, usiikate! Najua ulitaka kushonesha libaya, ile blauzi, libaya itangoja. Iko yadi 6, ni mita 5 na nusu hivi, inatosha kabisa. Uifue kwanza mara mbili, juu kitenge mupya iko na wanga, inateleza, fundo inaweza kufunguka. Katikati ya kitambaa uiweke ku kifua chako, ncha zote mbili zipite chini ya makwapa, zikutane ku mugongo kama musalaba, zipande ku mabega zirudi mbele. Hapo mbele inakuwa kama mufuko. Muingize mutoto wima, kifua chake ku kifua chako, matako chini, magoti juu kupita matako, kama chura vile. Kisha vuta kitambaa kidogo kidogo, usivute yote mara moja, mupaka asikie anashikwa vizuri na ukiinama kidogo asiachane na mwili wako. Ncha zipite tena juu ya matako yake, chini ya miguu, ufunge nyuma. Ku mabega uitandaze, isikunjamane kama kamba, utaona mugongo haikuumi.

Sasa nitakuambia kitu sijawahi kukuambia vizuri. Unajua ulikuwa na wiki tatu tu wakati Nyiragongo ililipuka, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Lava ilishuka mupaka mu mji, watu wote mu njia ya kwenda Gisenyi, matela ku kichwa, mbuzi, wazee. Nilikuwa na furushi ku mugongo na sufuria ku mukono, wewe nikakufunga mbele, na nikakufunika kichwa na kikwembe ya pili sababu ya majivu na ule moshi wa kuwasha macho. Tulitembea. Ulikuwa unalia, kisha ukanyamaza, nikasema asante Mungu amelala. Mama mumoja simujui, alikuwa anatembea pembeni yangu, akaniuliza, "mutoto anapumua?" Akafunua kikwembe yeye mwenyewe. Kidevu chako kilikuwa kimeshuka ku kifua, pua imebanwa ku titi langu, midomo imebadilika rangi. Akainua kichwa chako na vidole viwili, hivi, taratibu, ukavuta pumzi ukapiga kelele, mi nikakaa chini palepale mu barabara watu wananiruka. Sikumuona tena ule mama. Kila mwaka tarehe 17 namuombea.

Mutoto muchanga shingo haina nguvu, kidevu kikishuka njia ya hewa inajikunja, naye halii, anazima kimya kimya. Ndiyo maana nasema uso uonekane kila wakati, hata kama kuna baridi, hata kama kuna vumbi, hata kama mutu anasema jicho mubaya itamupata. Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake. Kichwa kiwe karibu hivi kwamba ukiinamisha yako unamubusu. Akinyonya ndani ya kikwembe ni sawa, lakini akimaliza umupandishe tena. Na kikwembe ifike ku shingo, isipite masikio.

Aliandikwa kilo 2 na gramu 300 ku maternite, si ndiyo? Basi huyu anataka ngozi yako zaidi. Umuvulishe, abaki na pampasi na kofia, umuweke ku ngozi kabisa kisha ndio ufunge. Si mambo ya kizamani, mwaka 1978 ku Bogotá, kule Kolombia, madaktari walikosa mashini za kutosha za kupasha batoto joto, wakawafunga ku bifua bya bamama. Leo OMS yenyewe, lile Shirika la Afya la Dunia, toka mwezi wa 11 mwaka 2022, inasema mutoto wa uzito mudogo aanze hivyo palepale akizaliwa, masaa 8 mupaka 24 kwa siku. Na baba yake anaweza pia! Amufunge jioni wewe ulale.

Lakini mbele ya mbabula, jiko la makala, hapana. Mafuta yanaruka, makala inatoa moshi, na pua yake iko palepale. Siku ya kukaanga, mupe mutu amushike ao alale. Ku moto, ni kusema pikipiki, usipande naye mu kikwembe, hata kama mwendeshaji anasema ni hapa karibu tu. Bidon ya litre 20 uiache, mwili wako bado haujapona. Na Lubumbashi mwezi wa kumi joto inachoma, kikwembe nayo ni nguo, umuvike kitu kyepesi, ushike shingo yake nyuma, kama iko na jasho umufungue.

Mama mukwe wako anataka amuweke ku mugongo sasa. Usibishane naye, yeye ndiye yuko karibu na wewe, na anawapenda. Mwambie kwa heshima, "mama, tumungoje shingo ikaze", hiyo ni kama miezi mine, kwa wengine sita. Kisha umuombe yeye ndiye amufunge ku mugongo siku ya kwanza, atafurahi sana.

Usiku akilala, na wewe ulale. Vyombo vitabaki. Ile kikwembe ya 2002 ningali nayo mu sanduku, imechakaa lakini haijapasuka, nikipata mutu wa kusafiri nitakutumia.

Kesho ukimufunga unitumie foto. Si ya mbali, ya karibu. Nataka kuona kidevu.

Mama yako