Wauza matetea watuandikie tarehe ya kutotolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wauzaji wa matetea, na pia na viongozi wa mitaa ambako biashara hiyo inafanyika. Ombi langu ni moja. Anayeuza tetea kwa ajili ya mayai ampe mnunuzi karatasi yenye tarehe aliyototolewa kuku huyo, aina yake, na chanjo alizokwisha kupata.

Mimi ni mfugaji mgeni hapa Kihonda, Morogoro. Nina banda dogo nyuma ya nyumba, na matetea waliomo hawajataga hata yai moja. Nilipowanunua niliambiwa "wanakaribia". Neno hilo utalikuta kwenye matangazo ya simu, kwenye matenga kando ya barabara, hata kwenye maduka ya pembejeo. Nilipouliza wanakaribia kwa wiki ngapi, nilijibiwa, "Wewe walishe tu dada, utaona mwenyewe."

Wiki hizo ndizo zenye uzito. Kuku wa kisasa wa mayai akitunzwa vizuri huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Chotara kama Kuroiler na Sasso mara nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Kuku wetu wa kienyeji, aliyekua kwa kujitafutia, anaweza kufika miezi sita, saba, hata nane. Sasa mtu auziwe kuku wa kienyeji wa miezi minne kwa neno hilo la "wanakaribia". Mwezi wa kwanza atalisha kwa furaha. Wa pili ataanza kuhesabu bei ya pumba na mashudu. Wa tatu majirani watamwambia kuku wake ni tasa, bora awale. Nimeona matetea wazuri mtaani kwetu wakichinjwa hivyo, na kinachoniuma ni kwamba sehemu ngumu ilikuwa imekwisha: chakula cha miezi yote ya kukua kimelipiwa, yai linakuja, kisu kikatangulia.

Wengine hawachinji, bali huharakisha. Wananunua chakula cha kuku wanaotaga na kuwapa matetea wachanga wakiamini mayai yatatoka mapema. Chakula hicho kina madini ya chokaa karibu asilimia nne, kwa sababu kuku anayetaga anahitaji kujenga ganda karibu kila siku. Tetea ambaye bado hajafikia kutaga hana pa kuyapeleka madini yote hayo, na figo zake ndizo huumia. Anastahili chakula cha kukuzia mpaka dalili zionekane. Lakini huwezi kujua ubadilishe lini kama hujui kuku ana umri gani.

Dalili zenyewe zipo, na napenda wenzangu wanaosubiri kama mimi wazijue. Kilemba na ndevu huanza kuwa vyekundu na kukua. Tetea aliyekuwa akikukimbia anaanza kuchuchumaa ukimsogelea, mabawa ameyatanua kidogo. Anaingia kwenye kiota, anachakura maranda, anatoka, anarudi tena. Sauti nayo inabadilika. Wafugaji wazoefu hupima pia mifupa miwili iliyo chini ya mkia: kwa tetea mchanga imebanana, na akikaribia kweli vidole viwili hadi vitatu vinapita katikati yake. Nina mmoja mweusi mwenye madoadoa ambaye sasa anachuchumaa kila nikipeleka maji, na nakiri kwamba nafungua mlango wa banda kwa matumaini makubwa kila asubuhi. Anayesubiri asishangae yai la kwanza likiwa dogo au lenye ganda laini. Mwili wa kuku ndio unaanza kazi, na yai moja huchukua takribani saa 24 hadi 26 kutengenezwa, nyingi kati ya hizo zikienda kwenye ganda.

Kuna na hili la jogoo. Nimeambiwa na watu zaidi ya mmoja, watu wazima ninaowaheshimu, kwamba kuku wangu hawatagi kwa kuwa sina jogoo. Si kweli. Kuku hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa anayetaka vifaranga.

Narudi kwenye karatasi, maana chanjo nayo ni jambo zito. Ugonjwa wa mdondo (kideri) ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Tuna bahati kwamba nchini kwetu Wakala ya Maabara ya Veterinari, kule Kibaha, inatengeneza chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani. Ni tone moja tu jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bila kumbukumbu ya muuzaji, mnunuzi hajui tone la mwisho liliwekwa lini, wala kama liliwekwa kabisa. Na kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi kuliko walio katika uwanja wa mtu kama mimi. Kikishafunguliwa na kuchanganywa hakiwekwi akiba, kwa hiyo wengi wetu wenye kuku wachache tunaahirisha hadi ugonjwa unabisha hodi.

Hapo ndipo nawaomba wenyeviti wa mitaa na maafisa mifugo wa kata watangaze siku ya chanjo, kila baada ya miezi mitatu, majirani tuchangie kichupa na kila mmoja alete kuku wake kwenye tenga. Hata mwenye kuku wasiozidi watano ahesabiwe.

Kwa wauzaji, nasema kwa heshima: tarehe mnazo. Vifaranga mlivyovilea mlivipokea siku fulani, na mnajua mlichanja lini. Kipande cha daftari kinatosha. Mwanamke aliyedunduliza fedha zake ili watoto wapate mayai atajua asubiri mpaka lini, na akijua hivyo hatauza kuku wake kwa bei ya kutupa, na msimu ujao atarudi kwenu kununua wengine.

Mfugaji mgeni,
Kihonda, Morogoro