Kwa nini nilinyamaza baada ya ile filamu

Mombasa, Ijumaa usiku

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi huku wazima.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza baada ya kwisha ile filamu ya U-571 uliyotuwekea siku ya Idi. Sikutaka kuwaharibia watu starehe, lakini iliniuma. Mlingoti wa bandia au redio isiyo ya wakati ule nasamehe. Ila kumpokonya maiti kazi yake na kumpa mtu mwingine, hapana.

Mle ndani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni Wamarekani wanaoingia nyambizi ya Wajerumani na kuchukua Enigma, mashine ya kufichia ujumbe wa siri. Kwa kweli Waingereza wa manowari Bulldog ndio waliichukua, Mei 1941, Marekani hata haijaingia vitani. Kisha Oktoba 1942, upande wa Misri, mabaharia wa manowari nyingine ya Kiingereza, Petard, wakaingia nyambizi ya Kijerumani U-559 huku inazama. Wawili wao, Fasson na Grazier, walikuwa chini gizani wakipitisha vitabu vya siri juu, mkono kwa mkono, kwa Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyehudumu kwenye kantini ya meli. Brown alitoka. Wale wawili walizama nayo. Filamu inaitaja Petard kwa maandishi mwishoni, watu wameshainuka kutafuta viatu.

Lakini Petard ina deni kwetu pia, Athumani. Februari 1944 ilikuwa ikilinda msafara KR 8, meli tano za askari zilizotoka hapa hapa Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga mojawapo, Khedive Ismail, kwa torpido mbili. Dakika mbili hivi, meli haipo. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike.

Nyambizi ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Petard ikaifuata pale pale, ikamwaga mabomu ya chini ya maji, na watu wamo majini wanaitazama inavyokuja. Hatimaye waliizamisha I-27. Lakini yule aliyetoa amri alilalaje usiku ule? Usiniambie haiwezekani kuonyeshwa: Waingereza walionyesha jambo la namna hiyo mwaka 1953 katika filamu The Cruel Sea, nahodha akipitisha meli juu ya waogeleaji wa upande wake mwenyewe, na baadaye analia. Hakuna mzinga mkubwa wala shangwe. Mpaka leo naikumbuka sura yake.

Vijana wetu wa 301 sijawaona kwenye filamu yoyote. Majina yao yako kwenye ukuta wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Ngong Road. Nitakuwa huko mwezi ujao. Njoo, na mlete mwanao. Nataka tuyasome kwa sauti.

Wako,
Salim